Kidonge Kinachotuliza Pumzi

Busibwabo,
10 Februari 1974

Kwa binti yangu Euphrasia,

Nakusalimu sana, wewe na mkwe wangu Ikapel. Naomba barua hii iwakute wazima, na hasa wewe, maana najua mtoto mliyemzika Desemba bado hajakutoka mwilini wala moyoni. Pole tena, mama. Mimi ni mzima kwa kadiri mtu mwenye kifua kama changu anavyoweza kuwa mzima.

Naandika Kiswahili ili Ikapel naye asome. Yeye Mteso hajui Kikhayo chetu, na mimi Kiteso changu kinaishia kwenye salamu. Tena si vizuri mkwe aone binti na baba wanaandikiana mambo asiyoyaelewa, atadhani anasengenywa.

Habari za hapa ni mvua bado, na watu wanalima. Mimi silimi. Vumbi la pamba nililovuta pale kiwandani miaka yote ile sasa linadai kifua kizima. Kukohoa nimekuzoea, hakunisumbui tena kuliko jogoo wa jirani yetu Protus. Lililo jipya ni woga. Jioni ng'ombe wakirudi na majirani wakifunga milango, pumzi inakuwa fupi, na nikishaijua kuwa ni fupi inazidi kufupika. Moyo unakwenda mbio. Natoka nje, nakaa juu ya jiwe nimeshika magoti, nangoja Protus apite njiani anisalimie, basi hapo naona afadhali kidogo. Mwanaume mzima, nimemzika mama yako, nimewazika ndugu zangu, leo naogopa jioni.

Usimwambie mtu. Ikapel, ukifika hapa kwenye kusoma, ruka.

Ni mimi baba yako,
Paulinus


Malaba, Nyumba za Reli,
24 Februari 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Usman wa lori. Sisi tuko salama. Ikapel anakusalimu na anasema hakuruka, aliona imeandikwa ruka wakati alikuwa ameshasoma.

Baba, mambo ya woga nayajua. Baada ya mtoto nilikuwa nakaa kitandani mchana kweupe moyo unanidunda kama mtu anayefukuzwa, na hakuna anayenifukuza. Ikapel ni gadi wa treni za mizigo, leo yuko Eldoret kesho Nakuru, kwa hiyo nilikuwa nadundwa peke yangu. Sista wa misheni akanipa vidonge vinaitwa Valium. Kidonge kimoja, na roho ikakaa chini.

Mimi sasa naendelea vizuri na nimebakiza chupa karibu nusu. Nimempa Usman akuletee pamoja na sabuni na sukari. Unakumbuka mama alivyokuwa? Akipewa dawa ya malaria anakunywa nusu, nusu anampelekea jirani anayetetemeka. Kwetu dawa haijawahi kukaa kabatini wakati mtu anaumwa. Kunywa kimoja jioni kabla ng'ombe hawajarudi.

Binti yako,
Euphrasia


Busibwabo,
17 Machi 1974

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kuliko za siku zote. Niko vizuri, na safari hii sisemi kwa adabu tu.

Mama, kile kidonge ni malaika. Nilikunywa kimoja, nikakaa mlangoni kuungoja woga uje kama kawaida yake. Haukuja. Giza likaingia nikiwa nimekaa tu, nikaona hata nyota. Nikalala mpaka Protus akagonga mlango kunipa maziwa. Tangu mama yako afariki sijalala hivyo. Kikohozi kipo, pumzi bado fupi, lakini sasa ni fupi na mimi sijali.

Naona vimebaki vichache. Siku nyingine nakunywa na cha asubuhi, kwa sababu asubuhi nayo ina woga wake mdogo. Kama kuna pengine vinapatikana, nitafutie. Na Ikapel mwambie nimemsamehe kwa kutoruka.

Baba yako,
Paulinus


Malaba,
1 Aprili 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tuko salama, nawe naona uko salama zaidi yetu. Nilisoma barua yako mara mbili kwa furaha. Tangu Desemba sijafanya jambo likafaulu, na sasa hili limefaulu.

Sikurudi kwa sista, nilijua ataniuliza maswali na mimi siumwi. Lakini hapa Malaba kuna mfanyabiashara anayeuza dawa karibu na wanapoegesha malori, anavyo vya rangi ile ile ya manjano. Nimenunua chupa nzima. Usman atakuletea.

Binti yako,
Euphrasia


Busibwabo,
5 Mei 1974

Kwa binti yangu Euphrasia,

Nakusalimu sana na mkwe wangu Ikapel. Chupa nilipata. Mwandiko utausamehe, mkono unateleza.

Hapa hakuna jambo. Protus ana neno, anasema alinikuta mchana nimelala kando ya jiko, uji umeungua sufuria imekuwa nyeusi, akaniita na kunitikisa na kuniita, na mimi sikusikia. Alitaka kwenda kumwita padre. Nikaamka namwona ananilia, nikacheka. Nimezeeka, mzee analala. Kichwa ndicho kinaniuma asubuhi, kizito, mpaka jua lipande. Na juzi nilikwenda mpaka kwa Wabwire nikasahau nilichoendea, nikakaa tukazungumza nikarudi.

Woga hakuna kabisa. Hata upweke hakuna. Nakaa tu.

Nakusalimu sana na mkwe wangu Ikapel. Hapa hakuna jambo.

Baba yako,
Paulinus


Malaba,
9 Mei 1974

Baba,

Shikamoo. Sikuandikii habari nyingi, nataka barua hii iwahi lori.

Nilisoma barua yako nikaona umenisalimu mara mbili, mwanzo na mwisho, maneno yale yale. Baba yangu aliyekuwa akipima pamba ya watu kiwandani bila kusahau jina la mkulima hata mmoja. Niliichukua barua nikaenda nayo kwa sista. Alinigombeza mpaka nikalia mbele ya wagonjwa, na alikuwa na haki. Anasema mtu mwenye kifua kama chako anafanya kazi ya kupumua hata akiwa amelala. Kidonge hiki kinauambia mwili usiogope, halafu kinaiambia na pumzi nayo ipumzike. Kichwa kinachouma asubuhi ni hewa chafu iliyoshindwa kutoka usiku. Mimi sikujua, Baba. Nilidhani dawa ya woga ni dawa ya woga tu.

Sasa sikiliza vizuri. Usiongeze hata kimoja. Wala usiache ghafla, sista anasema ukiacha ghafla mwili uliozoea utatetemeka, unaweza hata kuanguka kifafa. Kunywa cha jioni tu, kata nusu. Mimi na Ikapel tunakuja Jumamosi.

Euphrasia wako


Busibwabo,
23 Juni 1974

Kwa Euphrasia,

Nakusalimu. Nimefika nyumbani salama, na Protus alikuwa amenitunzia kuku.

Nilitaka kunyamaza, lakini nikinyamaza utadhani nimekufa. Naambiwa mlinikuta midomo imekuwa rangi ya zambarau na siitiki. Naambiwa mkwe wangu alinibeba mgongoni kutoka hapa mpaka barabarani lilipokuwa lori, mikono yangu ikining'inia shingoni mwake, na kwamba nililazwa misheni majuma mazima nikawekewa hewa ya mtungi, kisha mkanihamishia kwenu. Hayo siyakumbuki na siyalalamikii. Ninalolalamikia ni nililoliona kwa macho yangu. Niliamka nikaona koti la reli limetundikwa msumarini, nikaona viatu vya kazi chini yake, nikajua nimelala kitandani kwa mkwe wangu.

Euphrasia, wewe umezaliwa hapa. Tangu uolewe sijala na Ikapel sahani moja, na yeye akiniona njiani anapisha kichakani kwa heshima. Baba anayelala chini ya paa la mkwe wake amejivua nguo mbele ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Mtu atakayesikia atasema nini? Atasema Paulinus aliuza binti akafuata bei. Ndiyo maana niliondoka kabla sista hajaniruhusu. Sikuaga, kwa sababu ningeaga nikiwa nimesimama wapi?

Chupa yangu umebaki nayo. Irudishe. Jioni zimekuwa mbaya tangu nirudi.

Baba yako


Malaba,
30 Juni 1974

Baba,

Shikamoo. Namshukuru Mungu uko hai, hata kama uko hai na hasira.

Chupa sirudishi. Sista amenionyesha jinsi ya kupunguza. Kila barua itakuwa na vipande vyako vimefungwa ndani ya karatasi, vya kutosha mpaka lori jingine. Kwanza nusu, kisha robo, kisha basi. Usimwombe Usman akununulie vingine, nimeshamwapisha.

Woga ukija fanya hivi. Kaa kwenye kiti, uegemee mbele, mikono juu ya meza. Vuta hewa kwa pua bila haraka, halafu itoe kwa midomo uliyoibana, taratibu, kama unayepoza uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Sista anasema woga unataka uvute, uvute, uvute, na kifua chako kimejaa tayari. Wewe itoe hewa. Na anasema kuwe na mtu karibu. Hata asiseme neno, awepo tu.

Sasa la nyumba. Wakati nakuvua shati nilikuwa nalia na sikufikiria mila, nilifikiria midomo yako. Lakini Ikapel alifikiria. Siku ulizolala hapa yeye alilala kwenye bweni la reli stesheni, hukumwona hata mara moja. Na ana neno lake, nimeahidi kuliandika kama alivyolisema: "Nyumba hii si yangu. Mlango una nambari ya reli, bati ni la reli, hata misumari ni ya reli. Nikistaafu nitatoka hapa na mkeka wangu. Mzee hakulala kwa mkwe. Alilala kwa reli, na reli haikuoa binti yake."

Njoo ukae nasi, Baba. Ikapel yuko tayari kulala bwenini kila anaporudi safari.

Binti yako,
Euphrasia


Busibwabo,
28 Julai 1974

Binti yangu,

Salamu kwako, na salamu kwa mwenye nyumba wako, reli.

Protus nilimsomea maneno ya Ikapel, alicheka mpaka akashika mti. Amesema kijana huyo angekuwa wakili. Lakini Mzee Ojiambo wa ukoo wetu hakucheka. Alikaa akavuta kiko chake mbele yangu mimi nikikohoa, kisha akasema nyumba si ya mwenye bati, nyumba ni ya yule anayewashiwa moto ndani yake. Anayewasha ni nani? Binti yako. Anamwashia nani? Mume wake. Basi ni ya mume wake.

Vipande napokea. Nitakuambia jambo la aibu. Bahasha yako ikifika napapasa kwanza kona nijue karatasi iko wapi, ndipo nafungua kusoma. Mungu anisamehe, natafuta kidonge kabla ya kumtafuta mtoto wangu.

Kichwa kimekuwa chepesi, hiyo ni kweli. Najua siku na tarehe. Lakini akili ikirudi inarudi na woga wake, wameshikana mikono. Napoza uji wako usiokuwepo, nampuliza shetani. Siku nyingine woga unakubali kuondoka, siku nyingine hapana. Mtu wa kukaa karibu sina. Protus ana mke na watoto na ng'ombe, siwezi kumwomba aje kunitazama nikipumua.

Habari ya kuja Malaba usiniandikie tena. Nisingependa tugombane kwa barua, maana Usman anazibeba bure, kwa hisani.

Baba yako,
Paulinus


Malaba,
18 Agosti 1974

Baba,

Shikamoo. Usipapase, hii haina kitu. Robo ya mwisho ilikuwa kwenye barua iliyopita. Sista ameandika kwamba umemaliza, na amefurahi. Mimi sijui kama nimefurahi. Nilikuwa nakata vipande vyako kwa wembe juu ya meza, nikiwa na kazi ya kufanya kwa ajili ya mtu. Leo meza iko tupu.

Umeniambia nisiandike habari ya kuja na nitatii. Nitaandika habari ya moto tu.

Mwambie Mzee Ojiambo moto nauwasha mimi, hilo amepata. Lakini aje aone nauwasha kwa ajili ya nani. Ikapel amekwenda siku zote hizi, mizigo ni mingi, akirudi analala, akiamka anavaa koti. Simlaumu, ni kazi, na ni mume mwema. Ila nawasha moto, napika ugali wa mtu mmoja, nakula nusu, nusu namwagia kuku wa jirani. Majirani ni watu wa reli, leo wapo kesho wamehamishwa. Kile kitanda cha mtoto Ikapel alichonga kabla hajazaliwa, bado kipo, naweka nguo za kupiga pasi juu yake ili kisionekane ni kitanda.

Wewe unafikiri nakuita kwa sababu unaumwa. Ni kweli unaumwa. Lakini mimi nakuita kwa sababu sitaki kukaa peke yangu tena, Baba. Ungekuwa na kifua cha chuma ningekuita vilevile. Nilipokuwa nakulisha uji hapa, hizo siku chache, wewe hujitambui vizuri, ndizo siku pekee tangu Desemba ambazo niliamka nikijua kwa nini nimeamka.

Basi. Hiyo ndiyo habari ya moto. Ojiambo ahukumu.

Binti yako,
Euphrasia


Busibwabo,
8 Septemba 1974

Euphrasia mama,

Nakusalimu. Leo mchana kijiji ni kitupu, wote wamekwenda kumzika bibi kwa akina Wabwire, hata Protus na mke wake. Mimi mlima wa kwenda kwao siku hizi siuwezi. Nilikuwa nimekaa na barua yako, nimekaa nayo karibu wiki tatu sijajua niijibu vipi.

Woga umeingia sasa hivi. Nimeinua godoro kuitafuta chupa ambayo najua iko kwako. Nimeangalia mpaka nyuma ya mtungi. Nikajiona, mzee anayetambaa sakafuni akitafuta kitu kisichokuwepo. Ndipo nikachukua kalamu. Naandika ili mkono upate kazi.

Nimeegemea meza. Napuliza.

Ngoja.

Unakuja kifuani, hapa chini ya mbavu. Nataka kuvuta. Sivuti. Natoa.

Ngoja mama.

Huku nje hakuna hata sauti ya mtoto. Nikifa sasa watanikuta wakirudi na nguo za mazishi wamezivaa tayari. Natoa. Naandika jina lako. Euphrasia. Euphrasia. Natoa.

Ngoja.

Nimerudi. Sijui ni muda gani umepita, wino umekauka kwenye neno la mwisho. Pumzi ni fupi lakini ni yangu. Nimekunywa maji.

Sasa kwa kuwa nina nguvu ya kusema, nitasema. Nilidhani katika familia hii mwenye upweke ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimeukalia kama kiti cha mzee, mtu mwingine asikikalie. Sikujua unampikia kuku wa jirani. Baba gani huyo, anaacha mtoto wake awashe moto peke yake ili watu wa hapa waseme ana heshima? Ojiambo sikumsomea barua yako na sitamsomea. Hili si la ukoo.

Mwambie mkwe wangu nashukuru kwa mgongo wake. Sikuwahi kulisema. Na asihamie bwenini. Atandike huko jikoni mkeka wangu, yeye akiwa nyumbani nitalala huko, tutapishana kama tunavyopishana njiani. Nguo za pasi zitoe juu ya kile kitanda, tutakitazama pamoja kikiwa kitanda.

Njoo unichukue. Njoo wewe, Ikapel asije kunibeba. Nitatembea mwenyewe mpaka barabarani kwa lori la Usman, mchana, watu wakiniona na mzigo wangu. Pumzi ikikataa nitakaa chini kwenye nyasi nipulize. Wewe simama kando yangu, usiseme neno. Itapita, na nitainuka, tutakwenda tena kidogo.

Baba yako,
Paulinus